Nilivyopima vitamini C ya juisi zangu kwa dawa ya kidonda

Wauza juisi tukiulizwa ipi ina vitamini C nyingi, huwa tunajibu bila kufikiri: ile chachu kuliko zote. Nilitaka kujua kama hilo ni kweli. Maabara sina, ila titresheni ya kidato cha nne bado ninaikumbuka, yaani kupima kwa kudondosha kimiminika kimoja kwenye kingine mpaka rangi ibadilike, ile ya bureti (mrija wa kioo wenye vipimo na koki) na viashiria vya rangi, MO na POP.

Kazi yenyewe si ngumu. Vitamini C hula iodini. Ukidondosha iodini kwenye juisi iliyotiwa wanga, rangi haibadiliki mpaka vitamini iishe. Tone linalofuata halikuti wa kulila, linashika wanga, na juisi inageuka bluu nyeusi. Iodini iliyotumika mpaka hapo ndiyo inayokuambia vitamini ilikuwa kiasi gani.

Duka la dawa nilinunua povidoni iodini ya asilimia 10, ile ya kahawia ya kusafishia vidonda, mabomba ya sindano ya mililita 10 na vidonge vyeupe vya vitamini C vya miligramu 500. Vya rangi ya chungwa achana navyo, vinachanganya macho. Wanga niliupika mwenyewe: kijiko cha chai cha unga wa muhogo, uji mwepesi kabisa, nikauacha upoe. Iodini niliizimua, sehemu moja kwa sehemu nne za maji, maana ikiwa kali matone machache yanamaliza kila kitu na huoni tofauti ya juisi na juisi.

Kidonge ndicho roho ya kipimo. Nilikisaga nikakiyeyusha kwenye nusu lita ya maji ya chupa (ya bomba yana klorini, nayo huharibu vitamini), hivyo kila mililita ikawa na miligramu 1. Nikachukua mililita 10, nikatia wanga, nikadondosha iodini huku nikitikisa mpaka bluu ikagoma kufutika. Ilikula kama mililita 7. Basi juisi ya ujazo uleule ikila 3.5, ina miligramu 5, yaani 50 katika mililita 100, na chungwa lililokamuliwa sasa hivi huangukia karibu na hapo. Iodini iliyozimuliwa hupungua nguvu ikikaa, kwa hiyo kila ninapopima naanza na kidonge upya.

Ukwaju uligeuka bluu karibu na tone la kwanza! Uchachu wake unatokana na asidi ya tataliki, vitamini C ni kidogo mno. Ndimu nayo, pamoja na ukali wake wote, ilikaa chini ya chungwa. Pera ndilo lililoniacha mdomo wazi: bomba lilikwisha na rangi bado, ikabidi niizimue juisi kwa maji halafu nizidishe kwenye hesabu. Pasheni ilinisumbua kwa rangi yake, kwani bluu juu ya njano hutoa kijani kichafu usichojua kimeanza lini. Niliongeza maji, nikaweka karatasi nyeupe chini ya glasi, na pembeni glasi nyingine isiyotiwa iodini ya kulinganishia.

Ubuyu nilikuwa nauchemsha ili unga uachane na mbegu upesi. Niliupima wa kuchemsha na wa kuloweka, wa gunia moja, maji sawa. Wa kuloweka ulikula iodini zaidi. Siku hizi naloweka usiku, asubuhi navuruga na kuchuja.

Juisi za boksi zinahitaji uangalifu, maana baadhi huhifadhiwa kwa salfaiti, E220 hadi E228 kwenye lebo, nazo hula iodini vilevile. Hapo kipimo hiki kitakudanganya kwamba vitamini ni tele. Lakini kikisema hakuna, ni vigumu kubisha. Mwaka 2004 wanafunzi wawili wa sekondari huko Auckland, New Zealand, walipima kinywaji cha matunda kiitwacho Ribena, ile ya kunywa moja kwa moja, wakakuta karibu haina vitamini C, na mwaka 2007 kampuni iliyokuwa ikikitengeneza ilikiri mahakamani makosa ya kupotosha wateja ikatozwa faini ya dola 217,500 za nchi hiyo.

Glasi za kupimia nimezitenga kabisa na za wateja. Juisi ikishatiwa iodini hainyweki, inamwagwa, hata ikiwa ya pera.