Kompyuta imegoma baada ya apdeti? Usikimbilie kufomati

Jamani hili naliona sana na linaniuma, mtu kompyuta yake ilikuwa fresh tu, ikajiapdeti usiku, asubuhi sauti haitoki au waifai haionekani kabisa, na cha kwanza anachoambiwa ni "fomati", basi picha na kazi zote zinaondoka wakati shida ilikuwa draiva moja tu, yaani kile kiprogramu kinachoendesha kifaa kama sauti au waifai.

Kama ni uzito tu, ipe muda kwanza. Baada ya apdeti kubwa mashine huwa inapanga upya faharasa ya mafaili huko nyuma, ndo maana feni inapiga kelele, iache iko kwenye chaji imalize.

Sasa ikikataa kitu kimoja, mfano sauti, mimi nashuku draiva moja kwa moja. Kwenye Windows ingia Device Manager, tafuta kifaa chenyewe, fungua Properties, upande wa Driver bonyeza Roll Back Driver, irudi ile ya zamani. Isipowaka vizuri, shikilia Shift huku unaristati, utapata menyu ya kuingilia sefu modi (inawaka na vitu vya lazima tu), ila uwe na ufunguo wa BitLocker (ile kufuli ya Windows inayofunga diski) karibu maana inaweza kukudai hapo na bila huo mafaili hufungui, kweli kabisa.

Na kama umehamia toleo jipya zima, kawaida una siku 10 tu za kurudi la nyuma, zikipita lile folda la Windows.old, lenye toleo la zamani, linafutwa, kwa hiyo amua mapema, na kopi mafaili yako kwenye diski ya nje kabla hujagusa chochote.