Soma kopo la oili kabla fundi hajalifungua

Jamani wenye gari za otomatiki, kopo la oili ya gia boksi lisomeni wenyewe.

Juzi napandisha mlima Kitonga na Vitz yangu ya 2012. Nakanyaga mafuta, mshale wa resi unakimbilia 4,000 lakini mwendo unashuka: 50, 40, 30. Chini kunatoka mlio kama wa nyuki. Lori nyuma linapiga honi, watoto kimya. Niliogopa sana.

Kumbe miezi mitatu nyuma gereji moja waliniwekea ATF ya kawaida, yaani oili ya gia boksi za otomatiki zenye gia. Gia boksi ya gari hii ni CVT: haina gia za kupanda moja moja, ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Oili yake maalumu, CVT Fluid FE, ndiyo inayousaidia mkanda ushike usiteleze. ATF haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Fundi wa Iringa alipofungua sampo, yaani bakuli la oili chini ya gia boksi, sumaku za ndani yake zilikuwa zimevaa vumbi la chuma, laini kama wanja. Nililigusa kwa kidole nikaishiwa nguvu. Tumemwaga yote, tumeweka CVT Fluid FE. Mlio umepungua, haujaisha, na fundi anasema mkanda umeshakwaruzika.