Altezza, STI na petroli ya kisiwani

Tangu mume wa dada yangu anunue Subaru Impreza WRX STI, simu yangu haipumziki. Gari imeshuka bandarini Malindi, hapa Unguja, juzijuzi na tayari kila mtu barazani ana lake. Mmoja kamwambia kuna sheli moja Mwanakwerekwe petroli yake "ina nguvu". Mwengine kamwambia achanganye na mafuta ya ndege. Wa tatu kamletea kichupa cha dawa kutoka Dar, amimine kila anapojaza tangi. Shemegi kanigeukia mimi kwa sababu naendesha Toyota Altezza RS200 miaka mingi na injini yake haijawahi kufunguliwa. Nimemjibu kwa vipande vya sauti mpaka nimechoka, na sasa naandika, kwa sababu gari hizi zimezidi mjini na maswali ni yale yale.

Kitu cha kwanza ni kufungua kifuniko cha tangi na kusoma. Kwenye Altezza yangu kuna kibandiko cha maandishi ya Kijapani, na maana yake ni petroli ya premiamu, yaani ya daraja la juu, isiyo na risasi, ile metali ya sumu. STI ya shemegi nayo inataka hiyo hiyo. Kule Japani pampu nyekundu ni petroli ya kawaida, ya manjano ni premiamu, ya kijani ni dizeli. Kiwango chao cha taifa kinataka ya kawaida isipungue oktani 89 (oktani ni nini, nitaeleza chini kidogo) na premiamu isipungue 96, na ile ya manjano inayouzwa na makampuni makubwa hufika karibu na 100. Hiyo ya 100 ndiyo iliyokuwa mikononi mwa mainjinia walipokuwa wakipanga kompyuta za gari hizi. Ukisoma mitandao ya Wamarekani, angalia usichanganye namba: wao huchukua wastani wa vipimo viwili, kwa hivyo 93 ya kwao ni kama 98 ya Japani na Ulaya.

Sisi je? ZURA, mamlaka inayosimamia nishati Zanzibar, wakitangaza bei kila mwezi, petroli wanayoitaja ni moja. Sheli zote ninazotia mimi, kuanzia Bububu mpaka Kiembesamaki, ni petroli au dizeli, basi. Hakuna pampu ya 95 na pembeni yake ya 98 ukasimama ukachagua kwa mujibu wa mfuko wako. Kwa hivyo mwenye gari ya Japani iliyopangiwa 100 asiendeshe kana kwamba ametia 100. Kuanzia hapo ndipo mambo yetu yanapokuwa tofauti na ya yule anayeandika kutoka Uingereza au Marekani.

Hii habari ya "petroli yenye nguvu" inanikera kwa sababu inawapotosha watu wenye nia nzuri. Oktani haipimi nguvu. Inapima uvumilivu: petroli inaweza kubanwa na kupashwa moto kiasi gani kabla haijawaka yenyewe bila kungoja plagi. Wapimaji hutumia injini maalumu ambayo kompresheni yake, yaani kiasi inachobana hewa na petroli, inapandishwa na kushushwa, wakalinganisha na michanganyiko ya vitu viwili, isooktani iliyopewa 100 na heptani iliyopewa sifuri. Injini ya Altezza yangu, ile 3S-GE ya gia za mkono yenye nguvu farasi 210, inabana hewa na petroli mara 11.5, na kwa injini ya miaka ile hicho ni kiasi kikubwa. Plagi ikipiga, moto huanzia katikati ya silinda ukaenea kuelekea kingoni. Mchanganyiko uliobaki pembeni unazidi kubanwa na kupata joto, na petroli ikiwa dhaifu unalipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Ndipo unaposikia ule mlio, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo la maziwa. Usiuchanganye na kishindo cha injini iliyonoki. Huu ni mwembamba, wa juu juu, na unakuja unapokanyaga mafuta tu.

Altezza haina turbo, na ina sensa inayousikia mlio huo kabla ya sikio langu. Kompyuta huchelewesha plagi kidogo, gari ikapoteza nguvu, ikala mafuta zaidi, lakini ikasalimika. STI nayo ina sensa, ila turbo inasukuma ndani hewa nyingi na ya moto, na nafasi ya kukosea ni ndogo mno. Mlio ukija pale turbo imeshajaa, kinachovunjika ni ule ukuta mwembamba wa pistoni baina ya ringi na ringi. Baada ya hapo unatafuta injini nyengine.

Unguja inatudanganya katika jambo hili. Njia zetu ni tambarare, na ukitoa mlima wa Masingini na maeneo machache, gari haipati mzigo wa kweli. Mimi niliusikia vizuri mlio huo Pemba, nilipoivusha gari kwa meli kwenda kula sikukuu kwa shangazi. Ukishatoka Mkoani kuelekea Chake njia inapanda, inashuka, inapinda, mikarafuu kulia na kushoto. Nilikuwa gia ya tano, mzunguko kama elfu mbili hivi, nikakanyaga kupanda. Kokoto hizo. Nikateremsha mpaka ya tatu, mzunguko ukapanda, mlio ukakatika hapo hapo. Petroli ilikuwa ni ile ile niliyotoka nayo mjini. Injini inapozunguka polepole huku imebebeshwa mzigo, ule mchanganyiko wa pembeni unapata muda wa kuiva na kulipuka; ikizunguka haraka, moto unawahi. Kwa hivyo ukiwa Pemba na gari ya kompresheni kubwa, usione uvivu kubadilisha gia. Na wakati wa kaskazi, Januari na Februari, hewa inayoingia kwenye injini tayari ni ya moto kabla hata haijabanwa, kwa hivyo gari iliyokuwa kimya wakati wa kusi inaweza kuanza kulia.

Namba basi hatuichagui, lakini sheli tunaichagua, na hapo mimi ni mkaidi. Naenda sheli yenye foleni. Daladala, teksi na bodaboda wakijaa asubuhi na jioni, maana yake tangi la chini linaisha na kujazwa mara kwa mara. Petroli ni mkusanyiko wa vitu vingi, vyepesi na vizito, na vile vyepesi vinaruka kadiri inavyokaa kwenye joto. Sheli ambayo nikipita namkuta kijana wa pampu amelala kwenye kiti, hata iwe na marumaru, siingii.

Masika yakianza naangalia chini. Kila sheli ina vifuniko vya chuma vya matangi yaliyozikwa. Kuna sheli moja njia ninayopita kwenda kazini, vifuniko vyake vimewekwa pale pale sakafu inapobonyea, na mvua ikinyesha panafanya dimbwi lenye utandu wa rangirangi juu yake. Nasimama kwenye taa naliangalia dimbwi lile, na kifuniko kimoja mpira wake umeshachanika upande. Maji ni mazito kuliko petroli, yakiingia yanakaa chini ya tangi, na siku tangi likikaribia kuisha pampu inaweza kuyavuta. Sheli za namna hiyo naziacha mpaka jua lirudi, na hata likirudi bado roho yangu haitulii. Pia sitii wakati gari la mafuta linashusha, kwa sababu kila kilichokuwa kimelala chini kinatibuka.

"Dada, tujaze?" kijana ananiuliza.

"Kwanza niambie, mzigo umeingia lini?"

"Jana usiku."

Basi tujaze. Wale wa sheli yangu wamenizoea, wananiambia kabla sijauliza. Na risiti nachukua kila mara, iwe nina haraka au sina, maana gari ikileta matatizo baada ya kutia, bila ya risiti huna pa kuanzia.

Petroli ya chupa ya kando ya njia, ile inayopangwa juu ya meza huko shamba, Altezza haitoionja. Siwalaumu wanaouza, wanawasaidia watu wa Vespa na bodaboda ambao sheli iko mbali nao. Lakini chupa imekaa juani, na huwezi kujua dumu iliyotoka ilikuwa na nini kabla. Huenda ni dumu ya mashine ya boti, petroli imeshachanganywa na oili. Huenda imeguswa na mafuta ya taa, ambayo oktani yake ni ya chini mno, na kiasi kidogo tu kinatosha kuiangusha petroli nzima. Ninapokwenda mbali, mshale haushuki chini ya nusu.

Sasa hayo mafuta ya ndege. Vijana wengi wanaamini kwamba kinachorusha ndege lazima kiipaishe gari. Zile Caravan ndogo zinazoruka kutoka Kisauni kwenda Pemba zina injini za tabini na zinatumia Jet A-1, ambayo ni jamaa wa karibu wa mafuta ya taa. Ukiitia kwenye STI umeiua. Ipo petroli ya ndege ya kweli, ile ya ndege za pistoni, yenye oktani ya juu, lakini iliyozoeleka ina risasi ndani yake. Risasi itaziba masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, na kuua sensa ya oksijeni. Hiyo ndiyo dawa aliyoigundua Thomas Midgley mwaka 1921 akiwa General Motors, ikapandisha oktani kwa bei rahisi na ikawatilia sumu watoto wa dunia nzima. Afrika kusini mwa Sahara tuliiaga mwanzoni mwa 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa ajili ya magari, ikaacha 2021. Anayeirudisha kwa sababu ya mbio za dakika mbili njia ya Fumba anawarudishia watoto wa mtaani kwake.

Kichupa cha Dar kina hila ya hesabu. Kimeandikwa kinaongeza "pointi 30", na mtu anaona tisini imekuwa mia na ishirini. Pointi moja hapo ni sehemu ya kumi ya oktani, kwa hivyo ni oktani 3, nayo kwa kipimo kamili na tangi la ukubwa ulioandikwa. Vingi vya vichupa hivi vina madini ya manganizi. Fundi wangu wa Jang'ombe alinionesha plagi za Celica ya mteja anayevitumia kila wiki: kauri nyeupe ya ncha yote imegeuka rangi ya kutu, utando wa unga usiofutika kwa kidole. Fedha ile ni bora inunue plagi za kipimo sahihi, kimiminika halisi cha rejeta badala ya maji ya bomba, na kusafishwa kwa kipoza hewa cha turbo kilichojaa vumbi. Injini yenye ubaridi inasamehe petroli dhaifu.

Na wenye Vitz, IST na Passo, gari zenu zimetengenezewa petroli ya kawaida ya Japani. Hamhitaji kichupa wala kitu chochote cha ziada. Tieni petroli safi mwende zenu.

Kwa STI nimemwambia shemegi maneno mawili. Kwanza, asiijaze turbo mpaka kompyuta ipangwe upya kwa petroli ya hapa: plagi icheleweshwe kidogo, turbo ipunguzwe kidogo, na fundi awe na kifaa cha kusikilizia mlio na cha kupimia mchanganyiko kwenye ekzosi. Farasi wachache watapotea. Nguvu zitakazobaki zinatosha kabisa njia ya Tunguu.

Pili, fundi tuliyempata yuko Dar, na shemegi alitaka kuivusha gari. Nimekataa. Avuke fundi, aikute gari na tangi lililojaa petroli ya sheli ile ile atakayoitumia shemegi kila siku, na aipime saa saba mchana, jua likiwa kichwani. Nauli ya boti nalipa mimi nusu, dada nusu.