Neno moja katika kadi ya kumuaga meneja

Leo ni siku ya tano, na bado nalisikia swali lile kama lilivyoulizwa, kwa sauti ya chini, ili wenzangu waliokuwa wakikata keki wasilisikie. "Mwanangu, hapa ulitaka kuniambia nini?" Meneja wetu, aliyenipokea kazini, alikuwa ameishika kadi yangu ya kumuaga na kidole chake kikiwa chini ya neno moja. Nilikuwa nimeandika, kwa mwandiko wangu bora kabisa: "You are notorious for your generosity." Nikamjibu, "Kwamba unajulikana kwa ukarimu wako, mama." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Neno hili huandikiwa majambazi, mwanangu," akaikunja kadi na kuitia mkobani.

Juma hili mengine mengi yametokea, lakini kila ninapokaa peke yangu ni kidole kile ninachokiona. Nimejiuliza mara nyingi kama aliikunja kadi kwa kuudhika au kwa kunisitiri. Alisema "mwanangu" mara mbili, na aliyeudhika, nadhani, asingelirudia.

Usiku ule ule nilikitoa kidaftari cha kijani, ninamoorodhesha maneno ya Kiingereza na maana zake, na kulikuta kosa lilipoanzia: "notorious: maarufu". Kamusi niliyoinakili ilisema "maarufu kwa ubaya". Maneno mawili ya mwisho niliyaacha mimi, kwa sababu nilikuwa nimejiwekea kanuni ya maana moja kwa neno moja, ili kila ukurasa ubebe maneno mengi. Nikaendelea kupekua. "Slim" na "skinny" nimeyaandikia yote mawili "-embamba", ilhali la kwanza humsifu mtu na la pili humkosoa. "Borrow" ni "azima", na "lend" pia ni "azima". Sisi tukisema "niazime mwavuli" au "nimeazima mwavuli kwake" tunajua mara moja nani anatoa na nani anapokea, kwa sababu sentensi nzima inatuambia; Kiingereza kimeligawa jambo hilo katika vitenzi viwili, na orodha yangu ilikuwa imevirudisha kuwa kimoja.

Juzi asubuhi nilikuwa nikisoma habari za wadaiwa sugu, nikasita hapo hapo kwenye "sugu". Tuna mhalifu sugu, mlevi sugu na maradhi sugu. Ningemsikia mtu akisema "mkarimu sugu" ningeshtuka kama alivyoshtuka mama yule. Hakuna aliyewahi kunifundisha maana ya "sugu". Nimeijua kwa kuyasikia, tangu utotoni, maneno yanayoandamana nalo. Nilifurahi kiasi cha kuinuka kitini, kwa kuwa niliona kwamba ninachokitafuta katika Kiingereza tayari ninacho katika lugha yangu, na kwamba nilikipata kwa sentensi, si kwa orodha.

Jambo hili wataalamu wa lugha wamelishughulikia. John Sinclair, mwanaisimu wa Uingereza, alionyesha kwamba "set in", yaani kuanza na kuelekea kudumu, huandamana zaidi na mabaya, kama vile uozo na kukata tamaa, na kamusi ya wanafunzi aliyoiongoza, iliyotoka mwaka 1987, ilichukua mifano yake katika matini halisi na kueleza maana kwa sentensi kamili. Kwangu mimi mfano wa namna hiyo una thamani kuliko tafsiri tatu zilizopangwa kwa mkato.

Kwa hiyo nimeanza kidaftari kipya, na neno halipati nafasi humo mpaka niwe na sentensi mbili nilizozikuta zimeandikwa na wengine, kisha ya tatu nitunge mwenyewe. Tangu Jumatano nina maneno sita tu. La kwanza ni "renowned", maarufu kwa sifa njema, na sentensi yangu ya tatu nimeinakili katika kadi nyingine ambayo nitampelekea mama yule.

Kinachonikosesha utulivu sasa ni mpwa wangu. Mwezi uliopita nilimwazima kidaftari cha kijani akakinakili chote, ukurasa kwa ukurasa, na usaili wake wa kazi, kwa Kiingereza, ni kesho saa tatu asubuhi. Nimempigia mara tatu tangu mchana, na simu yake haipatikani.