Msuli wa milohioidi na njia ya usaha

Kila msimu wa mitihani huwa ninawasaidia wanafunzi wa udaktari wa meno hapa Bukavu kurudia anatomia ya kichwa na shingo, na jambo moja hujirudia. Misuli minne ya kutafuna wanaitaja bila kukosea, pamoja na mahali inapoanzia na inapoishia, lakini ukiwauliza kuhusu milohioidi wanakujibu kwamba ni sakafu ya kinywa, kisha wananyamaza. Jibu hilo ni sahihi, ila halimtoshi mtu atakayeshughulika na magego ya chini maisha yake yote.

Siidharau ile minne. Maseta na temporali unaweza kuipapasa mwenyewe ukiuma meno kwa nguvu, vidole vikiwa kwenye pembe ya taya na kisha kwenye panja. Pterigoidi ya nje ndiyo inayovuta kichwa cha taya kwenda mbele kinywa kinapofunguka, na ndiyo sababu mtu aliyevunjika taya karibu na kiungo upande wa kulia, tuseme baada ya ajali ya pikipiki, kidevu chake huelekea kulia anapojaribu kufungua, kwa kuwa msuli wa kushoto unabaki unafanya kazi bila mwenzake. Pterigoidi ya ndani tunakutana nayo kila tunapochoma ganzi ya taya la chini, maana ncha ya sindano inatakiwa ipite kati yake na mfupa. Ncha ikielekea ndani mno, inautoboa msuli, na siku inayofuata mgonjwa anarudi kinywa kikiwa kimekaza. Ikipelekwa nyuma mno, dawa humwagika ndani ya tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, ambamo neva ya uso inapita, na nusu ya uso hulegea mpaka ganzi iishe.

Hata hivyo, kama ningeruhusiwa kumfundisha mwanafunzi msuli mmoja tu kwa kina, ningechagua milohioidi.

Msuli huu una pande mbili zinazokutana katikati, nao umetandazwa kutoka taya hadi taya kama kamba za kitanda, ukishuka nyuma hadi kwenye mfupa wa hioidi, mfupa mdogo ulio mbele ya shingo, chini ya taya. Umejishika kwenye mstari ulio upande wa ndani wa taya la chini, na siri yote imo katika mwinamo wa mstari huo: nyuma, karibu na gego la mwisho, uko juu, kisha unashuka kadiri unavyokwenda mbele kuelekea kidevuni. Kwa hiyo mizizi ya gego la pili na la tatu mara nyingi huishia chini ya mstari, ilhali mizizi ya gego la kwanza na ya meno yaliyo mbele yake kwa kawaida huishia juu yake. Usaha ukitoboa mfupa kwa ndani, hauchagui njia kwa bahati. Ukitokea juu ya msuli, hukusanyika chini ya ulimi, ndani ya kinywa. Ukitokea chini yake, hukusanyika chini ya taya, upande wa shingo.

Namkumbuka mama mmoja muuza mboga wa Kadutu, aliyekuja akiwa ameshikilia kitambaa kwenye pembe ya taya. Alikuwa amemeza vidonge alivyonunua viwili viwili, maumivu ya jino yakapungua, naye akaamini kwamba amepona, mpaka shingo ilipovimba. Niliingiza kidole kimoja chini ya ulimi wake, mkono mwingine ukiwa nje chini ya taya. Ndani palikuwa laini na ulimi ulikuwa mahali pake. Nje palikuwa pagumu na pa moto. Kabla ya picha yoyote nilikwisha jua kwamba usaha uko chini ya milohioidi, na nikaliangalia kwanza gego la pili, ambalo kweli lilikuwa limeoza hadi kwenye mizizi. Uchunguzi huo wa mikono miwili hauhitaji umeme wala mashine, nami ningependa kila mwanafunzi aufanye mpaka vidole vyake viuzoee.

Tunaloliogopa ni pale maambukizi yanapozunguka ukingo wa nyuma wa msuli, ambako nafasi ya juu na ya chini zinaungana, kisha yakaenea pande zote mbili. Sakafu ya kinywa hukakamaa, ulimi huinuliwa na kusukumwa nyuma, mate hutiririka kwa sababu mgonjwa hawezi kumeza, naye hukataa kulala chali kwa kuwa pumzi inakatika. Daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza ugonjwa huu mwaka 1836, na bado unaitwa kwa jina lake. Mgonjwa wa namna hiyo habaki kwenye kiti cha meno hata kidogo: anapelekwa hospitali akiwa ameketi, njia ya hewa inalindwa kwanza, ndipo zinafuata dawa za mshipa na upasuaji wa kutoa usaha.

Liko jambo jingine dogo ambalo wengi hulipita haraka. Neva ya milohioidi huchipuka kutoka neva ya meno ya chini kabla haijaingia kwenye tundu la taya, na kwa baadhi ya watu hubeba pia hisia za meno. Ukichoma vizuri, mdomo ukafa ganzi, lakini mgonjwa bado anaruka unapogusa gego, usimwambie kwamba ni woga. Ongeza dawa kidogo upande wa ulimi, karibu na mzizi wa jino lenyewe, usubiri dakika chache, kisha ujaribu tena.