Kumbukumbu ya mradi: saa inaposema mazoezi hayana tija

Mradi wenyewe

Saa ni Garmin, mbio ni za Dar es Salaam, na neno linalokera ni "Unproductive": miguu imechoka, kilomita zimetimia, halafu saa inadai mazoezi hayana tija. Lengo ni kutenganisha kosa la kipimo na kushuka kwa kweli kwa mwili. Tunaanza na kipimo, maana ndicho rahisi kurekebisha.

Saa haipimi oksijeni. Inachukua kasi kutoka GPS na mapigo ya moyo, kisha inakadiria VO2 max (kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia) kwa hesabu za Firstbeat Analytics, kampuni ya Finland iliyonunuliwa na Garmin mwaka 2020. Ukiwa na mazoezi ya kutosha huku makadirio yakishuka, unapewa lile neno. Matoleo mapya huangalia pia jinsi muda kati ya pigo na pigo unavyobadilika usiku. Firstbeat wenyewe hutaja kosa la wastani la karibu asilimia 5, ambalo kwa mtu mwenye VO2 max ya 45 ni pointi mbili na ushee. Ikishuka kutoka 45 hadi 44, usiuze viatu.

Mapigo: hapa ndipo penye kazi

Kihisi cha mkononi humulika ngozi kwa taa ya kijani na kusoma damu inavyopita. Mkono ukirushwa, mwanga nao hucheza. Damu ikiwa haijachangamka, kihisi hushika mdundo wa mkono badala ya moyo. Dalili yake ni hii: fungua programu ya simu, weka mchoro wa mapigo juu ya mchoro wa hatua kwa dakika. Kama dakika za mwanzo mapigo yaliruka hadi 170 na kukaa hapo hapo zilipo hatua, wakati mkimbiaji alikuwa anapiga soga, hayo si mapigo. Ni miguu.

Marekebisho: pandisha saa vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, kaza mpaka isiteleze, legeza ukimaliza. Bado inaruka? Nunua mkanda wa kifuani wa kupima mapigo, wala usitafute njia nyingine. Lowesha sehemu za mpira kwa maji kabla ya kuvaa. Mkanda mkavu husoma ovyo dakika tano za kwanza hadi jasho lije, na fulana ya nailoni inayopepea huzidisha. Ukirudi, bandua kihisi kwenye mkanda, kwa sababu unyevu hukiacha kikiwa kimewaka na betri inaisha bure. Mkanda wa Polar H10 hutumia betri ya CR2025, ule wa HRM-Dual wa Garmin hutumia CR2032. Dukani zinafanana, zisichanganywe.

Mapigo ya juu kabisa

Hii ndiyo setingi inayoharibu zaidi, na wengi hawajawahi kuigusa. Saa huanza na 220 ukitoa umri. Mtu wa miaka 40 anapewa 180. Fomula ya Tanaka ya 2001, 208 ukitoa 0.7 ya umri, nayo kwa umri huo inatoa 180 hiyo hiyo, kwa hiyo kubadilisha fomula hakutamsaidia. Watu wa umri mmoja hutofautiana kwa mapigo kumi na zaidi. Tuseme moyo wake kweli unafika 192. Akikimbia kwa 150, saa inaona asilimia 83 ya uwezo wake, kumbe ni 78. Inahitimisha kwamba anahangaika kwa kasi ndogo, na VO2 max inashushwa.

Kipimo cha kilimani, na mkanda wa kifuani: jogi dakika 20. Tafuta mlima wa dakika mbili hadi tatu. Panda mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi, ukishuka taratibu katikati. Wa tatu malizia kwa nguvu zako zote. Namba kubwa iliyoonekana ndiyo ya kuandika kwenye wasifu wa mtumiaji, sehemu ya kanda za mapigo. Mwenye presha, tatizo la moyo, au aliyekaa miaka bila mazoezi amwone daktari kwanza. Kisha zima ugunduzi wa moja kwa moja wa mapigo ya juu kama bado unategemea kihisi cha mkononi. Mruko mmoja wa uongo ukiandikwa kuwa kilele, makadirio yanapanda na kukupa sifa usizostahili.

Joto na njia

Machi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Dar bado ni nyuzi 26 na unyevu mzito. Damu inakwenda kwenye ngozi kupoza mwili, jasho linapunguza maji ya damu, kila pigo linasukuma damu pungufu kuliko kawaida, basi moyo unaongeza idadi. Kasi ile ile, mapigo juu. Saa za daraja la kati na la juu hufidia joto kuanzia nyuzi 22, ila taarifa za hali ya hewa zinazipata kwenye simu. Unganisha saa na simu kabla ya kutoka, la sivyo hakuna fidia.

Mchanga wa ufukweni nao unakula kasi bila kupunguza mapigo. Kwa siku hizo tumia wasifu wa njia za porini, kisha uzime kurekodi VO2 max ndani yake.

Kipimo chetu cha pembeni

Ili kutomtegemea mshitaki kuwa shahidi, kuna hesabu ya mkono. Njia tambarare ya Toure Drive, alfajiri, dakika 10 za kupasha mwili, kisha dakika 30 kwa asilimia 75 ya mapigo ya juu. Zidisha wastani wa mapigo kwa dakika za kilomita moja: 144 mara 6.5 ni mapigo 936 kwa kilomita. Rudia kila wiki mbili, wakati ule ule wa siku. Namba ikishuka au ikikaa palepale, lalamiko la saa lipuuze. Linganisha Machi na Machi, Julai na Julai.

Ikipanda mara mbili mfululizo, na mapigo ya asubuhi kabla ya kutoka kitandani yamezidi kawaida kwa matano au zaidi kwa siku kadhaa, saa ina haki. Usingizi, homa, malaria, damu pungufu: kapime, usiongeze kilomita. Mfungo wa Ramadhani pia huipandisha, na huo hauhitaji tiba.

Kilichobaki

Mkanda na mapigo ya juu vimekamilika. Bado kulinganisha siku zenye fidia ya joto na zisizo nayo kwenye njia ile ile, kazi itakayosubiri joto la Desemba.