Andika "Sijui"

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mwezi unakatika, na neno lililoning'ang'ania wiki hii ni lile la Luka 16: "Toa hesabu ya uwakili wako." Yule wakili, msimamizi wa mali ya tajiri, alipolisikia alikimbilia kalamu, deni la vipimo mia likawa hamsini. Alisifiwa kwa busara, ndiyo, na bado Neno linamwita dhalimu. Wengi wetu tuna daftari la mwezi, la matumizi, la presha, la maombi. Linaloniumiza ni jinsi tulivyolizoesha kusema uongo.

Chukua fedha. Tarehe 1 asubuhi, kabla hujatoa hata nauli, hesabu ulichonacho kila mahali: mfukoni, kwenye simu, benki, kwenye kibubu. Hilo ndilo salio la kuanzia. Mwisho wa mwezi jumlisha mapato, toa matumizi, kisha hesabu tena fedha zenyewe. Tuseme ulianza na 180,000, ukaingiza 620,000, ukaandika matumizi ya 655,000. Inatakiwa ibaki 145,000. Unahesabu, unakuta 97,000. Kuna 48,000 haina jina.

Hapo mkono hukimbilia kuandika "mengineyo 48,000", hesabu ikakaa sawa na dhamiri ikalala. Usifanye hivyo, mpendwa. Andika "sijui 48,000". Hiyo ni toba. Anania wa Matendo 5, aliyeuza kiwanja, hakulazimishwa kutoa chochote, Petro alimwambia wazi kwamba kiwanja kilikuwa chake. Kosa lake ni kuleta sehemu kana kwamba ni yote.

Ukishaandika "sijui", anza kuitafuta. Toa taarifa ya miamala ya simu ya mwezi mzima, ujumlishe makato peke yake: ya kutuma, ya kutoa, ya kulipia bili. Tunaandika 20,000 tuliyotoa kwa wakala na kusahau ada yake. Inayobaki, vocha na bodaboda na vitafunio, itaonekana ukiandika papo hapo kwa wiki mbili za mwezi unaofuata. Na angalia usichanganye: mkopo si mapato, hata kama umeingia kwenye simu, fedha uliyohamisha kutoka benki kwenda kwenye simu si matumizi, hisa ulizonunua kikoba ni akiba.

Presha nayo ina uongo wake, na hapa niseme kwa ukali wa upendo, hasa kwa baba na mama zetu. Kuna anayemeza dawa siku tatu kabla ya kliniki ili namba ipendeze. Daktari anaona dozi inafanya kazi, kumbe wiki tatu nzima mishipa ya ubongo na figo imebeba mzigo. Mwingine haruki dozi tu, anaficha pia. Namba inapanda, daktari anaongeza dawa ya pili, na siku akizimeza zote presha inashuka ghafla, akisimama anaona giza na kuanguka. Umemdanganya nani? Siku uliyoruka iandike, na sababu yake: dawa ziliisha, nilikuwa safarini, nilikuwa kwenye mfungo. Mfungo umweleze daktari kabla hujauanza. Na anayeamini ameponywa asitupe vidonge kimyakimya. Yule mwenye ukoma alikuwa ametakasika kweli, na bado Bwana alimtuma akajionyeshe kwa kuhani. Endelea na dawa, kapime, daktari mwenyewe apunguze.

Kipimo chenyewe kifanye kwa uaminifu. Nusu saa kabla usinywe kahawa, nenda haja ndogo, kaa dakika 5 umeegemea kiti, miguu sakafuni bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya shati. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hupandisha namba, basi uulizie saizi. Pima mara mbili, ukipumzika dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku 7 mfululizo kabla ya kliniki. Andika zote, hata ile usiyoipenda. Siku ya kwanza iache nje ya wastani. Wastani wa nyumbani ukifika 135/85 au zaidi, mwoneshe daktari.

Maombi na kusoma Neno, weka visanduku 31 tu, alama usiku uleule. Kujaza wiki nzima Jumamosi kwa kukumbuka ni kubuni.

Jumapili ya kwanza ya mwezi, wanandoa kaeni dakika 30 na daftari moja mezani, mkianza na Zaburi 90:12. Deni ambalo mwenzako halijui liandikwe siku hiyo: jina la anayedai, kiasi, tarehe ya kulipa.